Kichuguu cha Mzee Maganga

Kila anayepita barazani kwetu Kanyenye, hapa Tabora mjini, ananiuliza lile lile: ilikuwaje mwalimu aliyeaga kwamba anakwenda upande wa Goweko kufundisha watu wazima siku nne akarudi baada ya wiki tatu, amekonda, tena akiwa amefika mpaka Puge, ambako hakutumwa na mtu? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu namwambia mwanzo, yule namwambia mwisho, halafu mnakutana sokoni mnabishana. Basi nimekaa nimeandika yote. Habari za barua na mihuri ya ruhusa ya safari nimeziruka, maana hakuna asiyezijua.

Tabora hadi Goweko

Niliondoka na kanga begani, kapu la nguo na bomba la bati. Bomba lile alinitengenezea baba, fundi bati mnayemjua, kwa ajili ya kubebea chati yangu isikunjike. Chati niliichora kwa siku tatu. Ilikuwa na maduara manne: la kwanza miamba na udongo, la pili maji, yale ya juu na yale yaliyofichika chini ya ardhi, la tatu hewa, la nne viumbe hai wote, kuanzia ukungu hadi tembo. Kila duara lilikuwa na rangi yake na mstari mweusi wa kulizunguka. Niliipenda chati ile kuliko inavyostahili mtu kupenda karatasi.

Treni ilitakiwa saa tatu asubuhi, ikaja saa nane mchana. Nilikaa na mama mmoja mkulima wa Goweko, amepakata kuku wawili, akanigawia viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Aliliangalia bomba langu muda mrefu kabla ya kuuliza kuna nini ndani. Nikamwambia kuna dunia. Akaligusa kwa kidole, akauliza kama ni nzito. Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka, akarudi kwa kuku wake.

Goweko tulishuka jua likiwa limelala. Stesheni palikuwa na wauza asali ya porini, nyeusi, ina ladha ya moshi. Nilikula na mkate nikalala kwa mwalimu mwenzangu wa pale, nikijiona msafiri hodari.

Goweko hadi kijijini

Asubuhi nilipata nafasi kwenye trela la trekta lililobeba pete kubwa za saruji za kujengea kisima. Juu ya pete walikaa mafundi wanne, na mkubwa wao alikuwa Fundi Salehe, mtu mnene wa Tabora mjini mwenye sauti ndogo. Aliponiona na bomba langu alinisogezea gunia nikalie, akaniita mtaalamu. Nilidhani ni heshima tu. Mwalimu huitwa majina mengi.

Tulipita ile njia ya zamani ya misafara, ambayo wapagazi waliikanyaga mpaka ikawa kama mfereji, kisha tukaingia miombo. Kila mahali palikuwa na mabani ya kukaushia tumbaku, na kando ya kila bani kumekatwa miti mpaka unaona mbali. Fundi Salehe alisema miaka michache nyuma hapo usingeona hata jua. Nikaandika kwenye daftari: mti ukiondoka, kivuli huondoka, na udongo hukauka. Nilikuwa naandika kila kitu, sijui nilitaka kumwonyesha nani.

Kijiji kinaitwa Umoja. Watu wamekusanywa pale kutoka vitongoji saba, nyumba zimepangwa safu mbili kulia na kushoto mwa barabara iliyopimwa kwa kamba, na Mwenyekiti wao, Shija, kijana mwenye macho ya usingizi, alikuwa na fahari na unyoofu ule kama mimi na chati yangu. Kilichokosekana ni maji. Wanawake walikwenda dimbwini alfajiri wakarudi jua la utosini, na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watoto wawili walikuwa wameugua matumbo wiki ile. Watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba mvua zikichelewa watarudi walikotoka.

Mwenyekiti Shija alinipokea mbele ya watu, akasema, "Mtaalamu wa maji tuliyemngoja tangu mwezi wa saba, ndiye huyu." Wakapiga vigelegele. Kabla sijapata la kusema, Fundi Salehe akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Tuchimbe wapi?"

Nilipaswa kusema: mimi ni mwalimu wa sayansi, ndani ya bomba hili kuna karatasi. Sikusema. Vigelegele vilikuwa vitamu, na watu walikuwa wananitazama. Nikajikuta natamka, "Maji hutelemka bondeni." Nikawaongoza mpaka mbugani, mahali pa chini, tambarare, pana nyasi ndefu kuliko kwingine, nikakanyaga kwa kisigino. Niliwauliza kama panafaa. Wakajibu wote, "Panafaa, mtaalamu."

Mbugani

Walichimba siku tatu. Juu ulikuwa udongo mweusi uliopasuka nyufa za kuingiza mkono. Chini yake likaja tabaka jeupe, gumu, sururu zikatoa cheche. Siku ya tatu maji yalitokea kidogo, Fundi Salehe akashuka, akaonja, akatema. Alipopanda juu alinipa kikombe nionje. Yalikuwa machungu ya chumvi, ulimi unakaza.

Nilingoja kutukanwa. Badala yake walinipa pole. "Pole na kazi, mwalimu," walisema, mmoja baada ya mwingine, watu ambao mikono yao ilikuwa na malengelenge kwa sababu yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa nimefikia kwa Mama Kulwa, mjane mwenye mwili mkavu na maneno machache. Jioni aliniwekea ugali wa mtama na mlenda, sikuweza kula. Nikamwambia ukweli wangu wote, kwamba mimi si mtaalamu wa maji. Akasema wanajua tangu juzi, dereva wa trekta aliwaambia.

"Na ile mbuga? Mlijua ni chumvi?"

"Ile ni ibambasi, udongo wa chumvi. Hata mtoto anajua. Punda hanywi pale."

"Kwa nini hamkusema, mama?"

Alikusanya vyombo kwanza. "Tulipohamishwa tuliambiwa mtaalamu akisema, habishiwi. Aliyebisha aliitwa mpinga maendeleo. Ukatuuliza kama panafaa, mbele ya Mwenyekiti, tungejibuje?"

Asubuhi yake alinichukua nyuma ya kijiji, kwenye mwinuko, mahali ambapo mimi nisingetafuta maji hata kwa kulipwa. Palikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mimi, na juu yake mkuyu wenye majani mabichi wakati miti mingine yote imepukutika. Mama Kulwa akainama, akamega tope bichi ambalo mchwa walikuwa wamelibandika usiku, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa na unyevu, la baridi.

"Mvua ya mwisho ilinyesha lini?" akauliza.

"Mwezi wa tano."

"Sasa mwezi wa kumi. Huyu mdudu ametoa wapi maji?"

Nilisimama na lile tope mkononi. Mchwa hushuka chini, mbali sana, kufuata unyevu, wakaupandisha na udongo. Hula majani makavu na miti iliyokufa, wakairudisha ardhini kuwa rutuba. Wameacha matundu ya kupitishia hewa ili mji wao usiive. Ndege alikaa pale juu akadondosha mbegu ya mkuyu, mkuyu ukashusha mizizi kufuata njia ile ile ya maji. Mvua za kwanza zikinyesha hutoka kumbikumbi, wakaliwa na kuku, na mijusi, na watu, na wanaobaki wanakwenda kuanzisha vichuguu vingine. Mambo hayo nilikuwa nayafundisha kila mwaka, kila moja ndani ya duara lake. Pale nilitafuta mstari mweusi wa kutenga maji na udongo na hewa na kiumbe, sikuuona.

Nikamwambia basi tumwite Fundi Salehe haraka. Mama Kulwa akanitazama kama niliyesema twende tukavunje nyumba ya mtu.

"Kile kina mwenyewe," akasema.

Ndipo nikaelewa kwa nini sehemu yenye maji ilikuwa imezungukwa na watu wenye kiu na hakuna aliyeigusa. Kule kila kichuguu cha kumbikumbi kina mtu wake, aliyekipata kwa baba yake. Yeye ndiye anayefyeka pembeni mvua zikikaribia, yeye ndiye anayewafunikia kumbikumbi majani wakitoka, na mwingine hachoti hata udongo wa kukandika ukuta bila kumwomba. Nilimkumbusha kwamba siku hizi ardhi yote ni ya umma. "Tunajua, mwalimu," akasema. "Ardhi ni ya umma. Kichuguu ni cha Maganga." Wale waliotoka vitongoji vingine, ambao hawakumjua hata huyo Maganga kwa sura, walisema hivyo hivyo.

Mzee Maganga alikuwa amehamia Puge kwa binti yake. Nilipouliza kwa nini, Mwenyekiti Shija aliangalia miguu yake. Fundi Salehe alisema angekaa mpaka Jumamosi ya wiki ya pili, asubiri, kisha angepeleka pete zake kijiji kingine kilichokuwa kwenye orodha. Hakuna aliyenituma. Mimi ndiye niliyewapotezea siku tatu, nikasema nitakwenda.

Kurudi Tabora, kisha barabara ya Nzega

Nilitembea nusu ya njia mpaka Goweko kwa sababu trekta lilipata pancha, na treni ya kwenda Tabora ilinipita mbele ya macho, nikalala stesheni na wauza asali. Mjini nilikaa saa chache tu. Baba alinitazama miguu akacheka, kisha akanishonea kiatu bila kuuliza.

Lori la kwenda Nzega, linalopitia Puge, lilisimamishwa kwenye kibanda cha mbung'o. Kama hamjawahi kupita pale, ni hivi: gari likitoka porini huingizwa kwenye banda, watu wenye nyavu ndogo wanatafuta mbung'o mmoja mmoja, chini ya viti, kwenye matairi, mpaka kwenye kanga za akina mama, wasije wakasafiri kwenda kuua ng'ombe wa watu. Bwana wa nyavu alimpata mmoja kwenye kapu langu. Alimshika kwa mabawa akanionyesha kwa furaha kubwa. Nikamuuliza kwa nini wasifyeke msitu wote kumaliza tabu. Akasema mbung'o anaishi kwa kivuli na damu ya wanyama, ukifyeka vyote umemmaliza, ila umemaliza na nyuki, na mvua sijui itashuka kwa nani. Akamponda kwa kidole gumba, akatuambia twende.

Puge

Binti yake Mzee Maganga aliniambia baba hayupo. Nilimwona mzee mwenyewe kwa dirisha, anabangua karanga. Binti alikuwa amedhani nimetumwa kuja kumkamata arudishwe kijijini. Nilikaa uani tangu asubuhi hadi alasiri. Binti hakunifukuza wala hakunipuuza. Aliniletea matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, akasema kula, mzee hayupo. Nilikula, nikashukuru, nikaendelea kumngoja mtu aliyekuwa hatua kumi kutoka kwangu.

Mwishowe alitoka mwenyewe, na ungo wake wa karanga. Alikuwa mfupi, amesimama wima, ana kidevu cha mtu asiyeombeka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa na serikali?"

"Hapana. Nimetoka kwa Mama Kulwa."

"Hawajambo?"

"Hawajambo. Hawana maji."

Akakaa, akaendelea kubangua. Nilimweleza yote, na la mbuga sikulificha. Niliposema nilichagua mimi mwenyewe pale kwenye ibambasi, alicheka mpaka karanga zikamwagika, na mimi nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kisha nikamwomba ruhusa wachimbe penye kichuguu chake.

Aliokota karanga zilizomwagika. "Nyumba yangu ilikuwa kwenye mstari," akasema. "Walikuja na kamba. Kamba ikapita mlangoni, ikatokea jikoni. Nikaambiwa nitoe vyombo. Mke wangu alifia mle ndani. Wewe mwalimu, siku ile nani alikuja kuniuliza?"

"Hakuna, babu."

"Hakuna. Leo kwa kichuguu mtu anakuja mpaka Puge."

Niliona aibu, na haikuwa ya kwangu peke yangu. Nilimwambia hivyo, kwamba naona aibu. Akaniangalia kwa mara ya kwanza vizuri.

"Watu walikataa kukigusa kichuguu kwa kuogopa?"

"Wamekataa kukigusa kwa sababu ni chako. Hata wale wasiokujua."

Alipepeta karanga, maganda yakaruka. Binti yake alipoleta maji ya kunawa, mzee alimwambia amfungie shuka na kofia. Binti akalalamika kwamba kifua cha baba ni kibovu. "Kichuguu hakitolewi kwa kutuma maneno," akajibu, akaingia ndani.

Kurudi na mzee

Tulipofika Kanyenye Alhamisi tulilala kwetu. Mzee Maganga alifanya ishara ya msalaba juu ya sinia la pilau, baba akasema bismillahi, wakala kutoka sinia moja na wakaingia mazungumzo ya bati na makuti mpaka nikawaacha. Ijumaa treni haikuja. Tulikaa stesheni siku nzima, mimi nahesabu masaa, yeye anahesabu mabehewa ya mizigo.

Jumamosi ndani ya treni aliomba aone kilichomo kwenye bomba. Nikamfungulia chati. Alisoma polepole, kwa kidole, mpaka akafika mahali nilipoandika kwa herufi kubwa MAKAZI. Akauliza ni nini. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: kila kiumbe ana mahali pake anapopata chakula, maji na kivuli, na anajuana na viumbe waliomzunguka. Ukimwondoa huwezi kusema umemhamisha yeye tu, umekata na kamba zote zilizomshika.

"Hiyo mmeandika kwa ajili ya wanyama?" akauliza.

Nikasema ndiyo, wanyama na mimea. Akaniviringishia chati yangu, akanirudishia.

Goweko tulipata lori la tumbaku, tukafika Umoja alasiri. Pete za saruji zilikuwa tayari juu ya trela na trekta linanguruma. Nilikimbia mbele, kanga yangu mkononi. Fundi Salehe akamwashiria dereva azime, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba saa yake huwa inakwenda mbele, pengine bado ni Ijumaa.

Kichuguuni

Mzee Maganga hakusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kichuguuni, akang'oa majani makavu pembeni, akasema maneno ya Kinyamwezi ambayo Mama Kulwa aliyaitikia kwa kuinamisha kichwa. Kisha akazunguka, akapima hatua tisa upande wa chini wa mkuyu. "Kumbikumbi wanatokea huku. Msiwaguse. Chimbeni kule," akasema. Hapo ndipo aliposalimiana na watu, mmoja mmoja, na Mwenyekiti Shija akamwamkia kwa mikono miwili.

Kila nyumba ilimkaribisha alale. Alikataa. Alisema mgeni ndiye anayelala kwa watu, na yeye pale si mgeni. Alilala kwenye trela la trekta, siku tatu, na kila asubuhi Mwenyekiti akipita kwenda kwenye kisima ilimbidi apite mbele yake na kumwamkia. Mchana nilifundisha darasa langu kando ya shimo. Chati niliigeuza nyuma, nikachora kile kichuguu, na watu wazima wale walinisahihisha mara tano.

Maji yalitoka siku ya tatu. Ndoo za kwanza zilikuwa tope, kisha yakaja meupe. Mama Kulwa alichota kwa kata, akampa mwenye kichuguu kwanza. Alikunywa yote, akapangusa midomo, akasema matamu. Wanawake walipiga vigelegele, wengine walilia, nami nililia nao bila haya.

Mwenyekiti Shija alisubiri vigelegele viishe. Alivua kofia. "Mzee," alisema, "ile siku ya kamba mimi ndiye niliyeishika. Niliambiwa niharakishe, nikaharakisha. Sikukuuliza. Leo nakuuliza. Nyumba yako unataka tuijenge wapi?"

Mzee Maganga alichukua fimbo yake, akashuka mwinuko, watu nyuma yake. Alitembea katikati ya barabara mpya kupita nyumba ya tatu, ya nne, ya tano. Akasimama. Akakita fimbo kwenye changarawe, katikati kabisa.

"Ilikuwa hapa," akasema.

Mwenyekiti aliiangalia barabara yake, huku na huku. Nilimhurumia, maana najua ilivyo mtu kupenda mstari wake. Kisha akaagiza majembe.

Nilikaa mpaka kuta zilipofika madirishani. Barabara ya Umoja inatoka mwanzo wa kijiji imenyooka, ikifika nyumba ya tano inapinda, inamzunguka Mzee Maganga na ua wake, halafu inanyooka tena.